Ngitili za Shinyanga: msitu uliorudi bila kuleta mvua

Shinyanga ninayoizungumzia ni ile ya zamani, ya kabla ya mwaka 2012, wakati Bariadi, Maswa na Meatu hazijaenda Simiyu na Bukombe haijaenda Geita. Iko kusini mwa Ziwa Viktoria, nchi ya Wasukuma kwa sehemu kubwa, watu wa jembe na ng'ombe kwa pamoja. Mvua yake ni ya msimu mmoja: huanza Oktoba au Novemba, hukatika Aprili au Mei. Kwa mwaka wa kawaida hufika milimita 600 hadi 800. Ukiitazama namba hiyo peke yake unaweza kujiuliza watu wanalalamikia nini, maana London, mji unaosifika kwa manyunyu, hupata takriban milimita 600 tu kwa mwaka. Lakini London hugawiwa kidogo kidogo miezi yote 12, tena chini ya jua la kubembeleza. Shinyanga hupigwa na mvua chache nzito, kisha hufuata miezi sita ya jua kali na upepo, na jua hilo lina uwezo wa kukausha maji mengi kuliko yaliyonyesha.

Kisa hiki ni cha hiyo miezi sita, na cha ngitili, malisho ya akiba ya Wasukuma.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alitembelea mkoa huo akauita jangwa la Tanzania. Miaka miwili baadaye, 1986, serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao baadaye ulipata fedha za Norway na utaalamu wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto. Msaada huo wa Norway uliendelea hadi 2004. Mara nyingi mambo haya husimuliwa kama ushindi wa moja kwa moja: palikuwa jangwa, pakapandwa miti, pakawa kijani, mvua ikarudi. Katika masimulizi hayo mwanzo ni sahihi. Sehemu ya kupanda miti si kweli, na ile ya mvua kurudi ndiyo iliyonifanya niandike.

Aliyeumaliza msitu

Sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa miombo na mapori ya migunga. Ukataji wa makusudi ulianza miaka ya 1920, chini ya utawala wa Mwingereza, na adui alikuwa mbung'o. Mdudu huyu hueneza nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu, na Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mbung'o kwa Tanganyika nzima. Watafiti walitambua jambo ambalo ni somo zuri la hali ya hewa: mbung'o hawezi kuishi mbali na kivuli. Joto la mchana juu ya ardhi tupu humkausha. Anahitaji ubaridi na unyevu ulio chini ya vichaka. Basi dawa ikawa ni kuviondoa vichaka. Pori likafyekwa, likachomwa, na mbung'o akaondoka kweli.

Wengi husimulia ufyekaji ule kama ujinga wa mkoloni. Mimi nauona tofauti. Waliofyeka walijua vizuri kabisa kwamba kichaka kina hali yake ya hewa, yenye nyuzi zake za joto na unyevu wake, na kwamba ukikiondoa unaibadilisha hali hiyo papo hapo. Ni elimu ambayo leo tunaifundisha kwenye semina za tabianchi kana kwamba ni mpya. Hawakujiuliza tu ni nani mwingine aliyekuwa akiishi kwa ubaridi uleule wa mbung'o.

Baada ya hapo ikaja pamba, ikahitaji mashamba zaidi. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, na eneo la kilimo na malisho likazidi kupanuka. Ng'ombe nao wakaongezeka, maana nagana ilikuwa imepungua, na kwa Msukuma ng'ombe ni akiba, ni mahari, ni heshima, ni bima. Kuni na mkaa vikamaliza kilichobaki.

Pigo la mwisho halikuwa la shoka. Ilikuwa ni operesheni ya vijiji ya mwaka 1974 na 1975. Familia zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na mji wake, mashamba yake na malisho yake ya karibu, zilihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Malisho yaliyokuwa yakitunzwa na mtu anayeyaona kila asubuhi akitoka zizini yakabaki mbali, bila jicho la mtu. Yakawa ya wote, na mali ya wote huliwa na wa kwanza kufika.

Michembe ya ng'ombe

Kitu kilichopotea hapo kinaitwa ngitili. Ni neno la Kisukuma lenye maana ya kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza, mifugo ikae nje, nyasi zikue, zikomae, zikaukie palepale zilipoota. Kiangazi kikishakolea, malisho ya wazi yakiisha, ngitili inafunguliwa, na hata hapo si kwa kundi lote. Kwanza huingia ndama, ng'ombe wa maziwa, wagonjwa, na maksai watakaokokota plau mvua ikinyesha. Dume lenye afya litembee.

Yeyote aliyekulia Usukumani anajua michembe, viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa wakati wa mavuno ili viliwe miezi ya njaa. Ngitili ni michembe ya ng'ombe. Haikubuniwa kwa ajili ya kutunza miti. Miti ilikuwa faida ya pembeni: mahali ambapo ng'ombe haingii wakati wa mvua, chipukizi hupona, na baada ya miaka mitano au kumi unajikuta una pori.

HASHI yenyewe haikuanzia hapo. Ilianza kama ilivyoanza miradi mingi ya zama zile, kwa vitalu vya miche, magari ya kusambaza, na kauli mbiu. Ilisambaza mikaratusi, mijohoro, milusina, miarobaini. Miche mingi ilikufa. Mchwa walikula mizizi, mbuzi walikula majani, na miezi sita bila mvua ikamaliza iliyosalia. Mche wa sentimita 30 una mizizi ya sentimita chache zaidi ya hapo, wakati udongo wa juu hukauka kabisa kabla ya Julai. Mwanakijiji wa kuubebea maji kutoka lambo lililo mbali alikuwa hajapatikana, na kwa haki kabisa, maana maji hayo yalikuwa na wenyewe.

Wakati huohuo, chini ya ardhi ileile iliyoitwa jangwa, kulikuwa na visiki hai. Mgunga uliokatwa miaka 15 iliyopita haujafa. Kila msimu wa mvua unatoa machipukizi, kila kiangazi yanaliwa, na mizizi yake iko palepale, mita kadhaa chini, kwenye unyevu ambao mche wa kitalu hautaufikia kwa miaka. Ukizuia mdomo wa ng'ombe kwa misimu michache, chipukizi moja linashinda, linakuwa mti. Siku hizi Dodoma wanaifanya kazi hii kwa jina la kisiki hai, na ni jina zuri kuliko yote niliyoyasikia. Wataalamu wa HASHI, kwa sifa yao, waliliona hili na wakabadilika. Wakaacha kuwafundisha wazee kupanda miti, wakaanza kuwauliza ngitili za zamani zilikuwa wapi.

Takwimu inayorudiwa kila mahali ni kwamba mwaka 1986 zilikuwepo hekta 600 hivi za ngitili zilizojulikana, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa kati ya 300,000 na 500,000, zikiwa zimesambaa katika vijiji 833. Namba hizo nazikubali kwa tahadhari. Zile 600 ni zilizokuwa zimeorodheshwa, na mtu akianza kuhesabu kitu kwa bidii hukiona kimeongezeka hata kabla hakijaongezeka. Halafu pengo la hekta 200,000 kati ya makadirio mawili ya kitu kilekile linatosha kukuonyesha jinsi mipaka ya ngitili isivyo na uzio. Hata hivyo, hata ukiipunguza namba ndogo kwa nusu, bado ni moja ya maeneo makubwa ya uoto wa asili yaliyorudishwa na wakulima na wafugaji wenyewe barani Afrika.

Je, mvua iliongezeka?

Shuleni wengi wetu tulifundishwa kwamba miti huleta mvua. Sentensi hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli wa kipimo cha bara. Msitu kama wa Amazon au wa Kongo, wenye mamilioni ya kilomita za mraba, hunywa maji ya mvua kwa mizizi na kuyarudisha angani kwa majani, na mvuke huo husafiri na kunyesha tena mbali zaidi ndani ya nchi kavu. Tone moja linaweza kunyesha mara kadhaa kabla halijarudi baharini. Ukikata sehemu kubwa ya msitu wa namna hiyo, mvua ya maeneo yaliyo upande upepo unakoelekea hupungua.

Sasa piga hesabu ya Shinyanga. Hekta 500,000 ni kilomita za mraba 5,000. Mkoa wa zamani ulikuwa na kilomita za mraba takriban 50,000. Kwa makadirio makubwa kabisa, basi, ngitili zilifunika sehemu moja ya kumi ya mkoa, tena kwa vipande vilivyotawanyika, vingi vya kifamilia vikiwa vya hekta chache tu, na miti ambayo sehemu kubwa hupukutisha majani kiangazi. Mvua ya pale huamuliwa na mambo makubwa: ule ukanda wa mvua unaofuata jua kwenda kusini na kurudi, joto la Bahari ya Hindi, pepo zinazotoka Kongo, El Niño. Mvua za kutisha za 1997 na 1998 hazikuletwa na miti, na ukame wa 2005 na 2006, ulioikumba nchi nzima, haukuzuiwa na miti.

Najua kuna maofisa wanaoona si busara kumwambia mkulima jambo hili, wakihofu atakata tamaa. Mimi naona hatari iko upande wa pili. Ukimwahidi mtu kwamba akitunza ngitili mvua itakuja, halafu ukaja mwaka kama 2006, umemfundisha kwamba ngitili ni uongo. Tena anaufahamu ukweli kuliko wewe. Yeye ndiye aliyekuwa anatazama mawingu.

Mabadiliko ya Shinyanga yalitokea chini, pale tone linapotua.

Tone la mvua nzito likipiga udongo mtupu hupasua chembe za udongo, na vumbi laini linaziba matundu. Baada ya dakika chache uso wa ardhi unakuwa kama sakafu. Maji yaliyobaki hayana pa kuingia, yanateremka, yanabeba udongo, yanajaza mbuga kwa saa mbili na kuliacha lambo limejaa tope. Ndiyo maana mtu anaweza kuona mafuriko na ukame katika wiki moja, shambani kwake mwenyewe. Ndani ya ngitili tone lilelile linagonga jani kwanza, kisha nyasi, kisha majani makavu yaliyooza nusu. Linafika chini limechoka. Chini linakuta njia zilizochimbwa na mizizi na, kichekesho kikubwa cha kisa hiki, zilizochimbwa na mchwa. Mdudu aliyeangamiza miche ya mradi ndiye anayetoboa udongo wa ngitili na kuyaingiza maji. Adui wa kitalu akawa fundi bomba wa pori.

Jambo la pili ni joto. Udongo mtupu wa nchi za joto, saa nane mchana, unaweza kuzidi nyuzi 50 za Selsiasi. Hakuna mbegu inayoota vizuri hapo, na vijidudu vinavyotengeneza rutuba vinakufa au kulala. Kivuli cha mgunga, hata kile chembamba chenye matundu, huishusha hali hiyo kwa kiasi ambacho mguu mtupu unakitambua bila kipima joto. Mti wenye majani mabichi unafanya zaidi ya kivuli, maana unatoa jasho. Kuigeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula joto ambalo lingetosha kuchemsha takriban lita 8 za maji ya mtungini. Joto hilo linatoka kwenye hewa na jua vinavyolizunguka jani, halirudi kumchoma ng'ombe aliyelala chini. Na ng'ombe asiyehema kwa joto hula zaidi na hutoa maziwa zaidi. Ni faida isiyoingia kwenye ripoti, maana hakuna anayeiuza.

Tusisahau kwamba jasho hilo la mti linatoka ardhini. Mti ni mnywaji. Ukijaza nchi kavu kwa miti minene inayokua haraka, mikaratusi kwa mfano, unaweza kupata kuni nyingi na kisima kilichokauka. Utafiti uliofanywa Burkina Faso na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba maji mengi zaidi yaliingia chini ya ardhi palipokuwa na miti ya wastani, kuliko palipokuwa patupu na kuliko palipokuwa na miti mingi. Miti michache haitoboi udongo vya kutosha. Ikizidi, inakunywa kuliko inavyoingiza. Ngitili, yenye miti iliyoachana na nyasi katikati, inakaribia hali hiyo ya wastani bila mtu kuipanga kwa kikokotoo. Ni sababu nyingine ya kuona kufa kwa miche ya kwanza kama bahati iliyovaa nguo za hasara.

Kuhimili ni kuwa na cha kula mwezi Oktoba

Neno "kuhimili mabadiliko ya tabianchi" limechakaa kwa kutumiwa kwenye mabango. Kwa mfugaji lina maana ya kawaida kabisa: maksai wawe na nguvu ya kulima mvua ya kwanza inaponyesha. Hapo ndipo njaa ya mwaka unaofuata inapoamuliwa. Maksai waliokonda hawavuti plau. Shamba linachelewa wiki mbili au tatu. Na katika msimu ambao mvua imekuwa haitabiriki, wiki tatu ni zao zima. Ngitili inaingia hapohapo, kwenye kiungo kati ya mwisho wa kiangazi na mwanzo wa kilimo. Mvua haikuongezeka hata tone, lakini mwenye ngitili huipokea akiwa tayari.

Pembeni ya nyasi kuna mengine: kuni, nguzo, fito, nyasi za kuezeka, asali, uyoga, dawa, ubuyu, ukwaju, matunda pori. Tathmini ya kiuchumi iliyotolewa mwaka 2005 ilikadiria kwamba faida za ngitili zilifikia dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania ulikuwa dola 8.50 kwa mwezi. Ukiisoma haraka unafikiri watu walitajirika. Siyo. Sehemu kubwa ya dola hizo haikupita mkononi mwa mtu. Ni kuni ambazo hazikununuliwa, dawa ambayo haikulipiwa, nyasi zilizoliwa na ng'ombe wa nyumbani. Lakini usizidharau pia. Mwaka wa ukame, pesa inapokosekana na bei inapopanda, kitu usicholazimika kukinunua kina thamani kuliko wakati wowote mwingine.

Wanawake ndio waliotoa kipimo ninachokiamini zaidi, yaani muda. Katika vijiji vyenye ngitili safari ya kuni ilifupishwa kwa saa kadhaa. Hakuna bei ya kubishania hapo, na mtu anayebeba mzigo kichwani hasahau urefu wa njia.

Gharama nazo zipo, na wasimulizi wa ushindi hupenda kuziruka. Pori likirudi, wenyeji wake hurudi nalo. Ndege wanaokula mtama walirudi. Fisi walirudi. Mwenye mbuzi kumi akipoteza wawili usiku mmoja, mazungumzo kuhusu bayoanuwai yanamkera, na ana haki.

Ya nani?

Ulinzi wa ngitili haukufanywa na bwana misitu, ambaye alikuwa mmoja kwa vijiji vingi na baiskeli yake pengine ilikuwa imeharibika. Ulifanywa na sungusungu, jeshi la jadi lililoibuka Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, na dagashida, mkutano wa jadi unaoweka kanuni na kutoza faini. Aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alijibu mbele ya watu anaokutana nao kisimani kila siku. Faini ya serikali inalipwa au inakwepwa, lakini aibu ya dagashida unarudi nayo nyumbani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zilikuja baadaye, zikatoa nafasi ya kijiji kutenga msitu wake kisheria. Kwa ngitili za vijiji nafasi hiyo ina maana kubwa. Kwa ngitili za familia mambo yamebaki ya kimila zaidi: mpaka unajulikana kwa mzee, kwa safu ya minyaa au mkonge, na mzee akifa mpaka unaanza kusogea.

Hapa ndipo kisa kinapoacha kuwa kizuri kwa kila mtu. Sehemu kubwa ya ngitili ni za watu binafsi. Mwenye ardhi nyingi anaweza kuacha hekta tano zipumzike mwaka mzima. Mwenye hekta moja hawezi, lazima ailime yote. Basi akiba ya ukame inamwendea zaidi aliyekuwa na akiba tayari. Kiangazi kikikaza, asiye na ngitili hukodisha malisho kwa jirani, analipa kwa pesa au kwa kazi, katika mwezi ambao hana vyote viwili. Mjane ambaye ukoo wa mume haujamwachia ardhi yuko nyuma zaidi ya hapo. Ngitili za kijiji zilisawazisha kidogo, na mahali pengine mapato ya nyasi au miti yalijenga madarasa, lakini hizo ndizo ambazo viongozi hushawishika kuzigawa eneo la kulima likipungua. Sera inayosema "jamii inahimili" bila kutaja ni nani katika jamii hiyo inaficha jambo hili lote chini ya neno moja.

Kuhusu soko la hewa ukaa, ambako mtu hulipwa kwa kaboni inayotunzwa na miti yake, nitasema kidogo. Kila tani ya kaboni iliyomo kwenye miti na mizizi ni sawa na tani 3.67 za kabonidayoksaidi ambazo haziko angani, na hekta laki kadhaa, hata za miti myembamba, ni hesabu ya kuvutia. Lakini mnunuzi wa kaboni anataka mti ukae, miaka 20, 30, bila kuguswa. Ngitili ipo ili iliwe. Thamani yake yote iko katika siku ile ya Agosti au Septemba lango linapofunguliwa na ng'ombe kuingia, na katika mwaka mbaya zaidi, matawi yenyewe kukatwa na kupewa ndama. Mkataba usioruhusu hilo utageuza akiba ya mfugaji kuwa ghala la mtu mwingine, ambalo yeye ni mlinzi wake tu. Nisingeusaini.

Limebaki swali ambalo wasimulizi wengi wa HASHI hawaligusi. Kama ngitili zilifanya kazi, mbona Wasukuma waliendelea kuhama? Tangu miaka ya 1970 makundi makubwa ya ng'ombe yametoka Usukumani kuelekea kusini: Rukwa, Katavi, bonde la Usangu, Kilombero. Mwaka 2006, katika mwaka uleule wa ukame, serikali iliwaondoa wafugaji kwa nguvu Usangu, ikiwalaumu kwa kukauka kwa Ruaha Mkuu, ingawa wakulima wa mpunga wa mabonde hayo nao walikuwa wakichota maji ya mto huohuo. Wengi wa walioondolewa walikuwa Wasukuma.

Jibu langu ni kwamba ngitili ilipunguza makali, haikuongeza ardhi. Hekta tano za nyasi kavu huvusha maksai wanne, ng'ombe wa maziwa wawili na ndama wao hadi mvua. Hazivushi ng'ombe 200. Wenye makundi makubwa walihama, pamoja na vijana ambao baba zao hawakuwa na cha kuwagawia, na kuondoka kwao ndiko kulikoacha nafasi ya mapori kufungwa na kuchipua. Ukihesabu hekta zilizorudi Shinyanga bila kuwahesabu ng'ombe waliovuka kwenda Usangu, hesabu haijafunga.